Mwacheni Mtoto na Kadi Zake

Juzi kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mmoja alimwambia mama wa mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji inayofanya kuwasiliana kuwe kugumu, mbele yetu sote: "Mama, hizo kadi za picha tupa. Ukimzoesha hizo, hataongea kamwe." Mama yule alizikusanya, akazirudisha kwenye mkoba. Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Si kweli, na madhara yake ni makubwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kuwasiliana kwa picha, ishara au vifaa. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Wengi waliongeza usemi, ingawa kidogo kidogo.

Tena inaeleweka kwa nini. Neno ukishalitamka limepita, na mtoto anayehitaji muda wa kulishika limeshamponyoka. Picha ya kikombe inabaki pale pale mezani, ataitazama mpaka aelewe. Nao Andy Bondy na Lori Frost, walipoanza mfumo wao wa kadi huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, hawakumtaka mtoto aoneshe picha tu. Alitakiwa aichukue, amfuate mtu, amkabidhi mkononi. Hayo ni mazungumzo! Mtoto aliyekuwa akijigonga kichwa ukutani kwa kiu, nasi tukamwita mtukutu, sasa anaomba maji.

Na mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida huunyooshea kidole mtungi kabla hajaweza kusema maji. Nani amewahi kumfunga mkono ili aongee?

Nakubali, kadi peke yake hazitoshi. Zikibandikwa ukutani zikasahaulika, ni mapambo. Zikichapishwa kutoka intaneti zikiwa na vyakula na majiko ambayo mtoto hajawahi kuyaona, hazimwambii kitu. Piga picha kwa simu: kikombe chake mwenyewe, uji wa nyumbani, mlango wa choo chenu, bibi yake. Stesheneri ya mtaani itazichapisha, nawe uzigandishe kwenye vipande vya boksi. Akikuletea moja, mjibu kwa sauti, "Unataka uji, haya, uji huu," umpe papo hapo. Siku uji umekwisha, mwambie umekwisha. Kadi usimfiche.