Rekodi au matendo: kipi kisafiri kati ya simu na seva?

Programu inayotakiwa kufanya kazi bila mtandao mara nyingi huwa na hifadhidata mbili zisizofanana: SQLite ndani ya simu, PostgreSQL au MySQL kwenye seva. Wasanifu hawakubaliani kuhusu kipi kipite kati yake. Wapo wanaosafirisha rekodi jinsi zilivyo sasa, na wapo wanaosafirisha matendo: "punguza 3", "badilisha anwani", "ghairi oda". Kila upande una hoja nzito, ila kinachoponza miradi mingi ni kulazimisha njia moja kwa majedwali yote.

Njia ya rekodi ni nyepesi kujenga. Kila jedwali linapewa uga wa muda wa badiliko la mwisho, simu inatunza alama ya ilipofikia, kisha inaomba kila kilichobadilika baada ya hapo. Simu iliyozimwa mwezi mzima haipitii historia yote, inapokea hali ya mwisho tu. Mambo yakiharibika unafuta nakala ya kwenye simu na kuivuta upya, ilimradi hakuna kilichokuwa kinasubiri kutumwa.

Changamoto tatu hapa humsumbua mjenzi. Ya kwanza ni kufuta: rekodi iliyofutwa haionekani kwenye swali la "nini kimebadilika", kwa hiyo lazima ibaki na alama ya kufutwa kwa muda mrefu kuliko simu yoyote inavyoweza kukaa nje ya mtandao. Ukisafisha alama hizo kila baada ya siku 90, simu iliyopotea siku 100 ilazimishwe kuanza upya, la sivyo itaendelea kuonyesha rekodi ambazo seva ilishazifuta, na pengine kuzirudisha huko.

Ya pili hujificha zaidi. Muamala, yaani kundi la mabadiliko linalokubaliwa lote kwa pamoja au kukataliwa lote, unaanza kwenye seva 10:00:01 na kukamilika 10:00:06. Katika PostgreSQL, now() hutoa muda wa kuanza kwa muamala, basi rekodi inaandikwa 10:00:01. Simu ikivuta data 10:00:04, haiioni rekodi hiyo kwa sababu muamala haujakamilika, lakini inajiwekea alama ya 10:00:04. Mara ijayo itaomba vya baada ya hapo, na rekodi ile haitafika mpaka mtu aiguse tena. Kutumia namba za mfululizo badala ya saa hakuponyi, maana namba nayo hutolewa kabla ya muamala kukamilika. Tiba nafuu ni kurudi nyuma dakika chache kila unapovuta, na simu ikubali kupokea rekodi ileile mara mbili bila madhara. Tiba kamili ni kusoma mabadiliko kutoka kwenye kumbukumbu ya miamala ya hifadhidata, ambayo hutoa miamala kwa mpangilio wa kukamilika kwake.

Ya tatu ni mgongano. Stoo ina vipande 40. Simu moja bila mtandao inauza 3 na kuandika 37, nyingine inauza 5 na kuandika 35. Kanuni ya "aliyeandika mwisho ameshinda" itaacha 37 au 35, wakati jibu sahihi ni 32. Na "mwisho" wenyewe unapimwa kwa saa ya simu, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha apendavyo.

Kwa matendo, hesabu hiyo inanyooka: punguza 3, punguza 5, zimebaki 32. Simu inaandika badiliko na tendo lake ndani ya muamala mmoja wa SQLite, tendo likikaa kwenye jedwali la foleni pamoja na UUID yake, yaani kitambulisho kisichojirudia. Seva inatunza kila UUID iliyoitekeleza. Jibu likipotea njiani na simu ikatuma tena, seva inarudisha jibu lilelile la awali bila kupunguza mara ya pili.

Lakini stoo ingekuwa na vipande 6? Matendo yote mawili ni halali kila moja kwenye simu yake, na bidhaa zimeshaondoka mkononi mwa muuzaji. Seva ikikataa la pili, simu inabidi irudishe rekodi kwenye hali ya seva, irudie matendo yaliyobaki juu yake, kisha imweleze mtumiaji. Kazi hiyo hufanywa upya kwa kila aina ya tendo, kwenye simu na kwenye seva pia. CRDT, miundo ya data inayounganisha yenyewe mabadiliko ya nakala tofauti, iliyopewa jina hilo mwaka 2011, zinahakikisha nakala zote zinafikia jibu moja. Hazihakikishi kwamba jibu hilo si hasi 2. Hifadhidata ya CouchDB nayo huchagua mshindi mmoja kwenye kila nakala na kumhifadhi aliyeshindwa, jambo la uungwana, ila programu isiposoma migongano hiyo mtumiaji haoni tofauti.

Tofauti za hifadhidata zenyewe huumiza pande zote mbili. SQLite hukubali maandishi kwenye uga wa namba usipotangaza jedwali kuwa STRICT, chaguo lililokuja na toleo 3.37 mwaka 2021. MySQL 8 kwa mpangilio wake wa kawaida huona "Kiti" na "kiti" ni kitu kimoja kwenye uga wa kipekee (usioruhusu thamani ijirudie), SQLite huona viwili: simu inapokea vyote, seva inakataa cha pili, na foleni nzima inakwama nyuma yake. Tendo lililokataliwa kwa sababu ya kudumu litolewe kwenye foleni na kuwekwa kando, pamoja na yale yanayolitegemea. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila jedwali ni nani anaandika. Orodha za bei na mipangilio huandikwa na seva pekee: vuta rekodi, basi. Vipimo na fomu huandikwa na kifaa kimoja na hazirekebishwi: ziongezwe tu, kila moja na UUID iliyotengenezwa kwenye simu. Toleo la 7 la UUID linafaa zaidi hapa, kwa kuwa huanza na muda na halitawanyi faharasa (orodha ambayo hifadhidata hutumia kutafuta rekodi haraka) kama la 4, ambalo ni la nasibu. Yanayobaki, yale yanayoguswa na wengi, ndiyo yanayostahili gharama ya matendo, na kwa kawaida ni machache. Kabla ya kuyatoa kwa watumiaji, jaribu jambo moja: kata mtandao baada ya seva kukamilisha muamala na kabla jibu halijafika simuni, kisha uwashe tena na uhesabu stoo.