"Epuka vumbi" si matibabu

Mtu mzima akienda kulalamika kwamba kifua kinambana na kupiga filimbi kila anapofagia, mara nyingi hurudi nyumbani na maneno mawili tu: epuka vumbi. Akibahatika huongezewa vidonge vya mzio. Kwa maoni yangu, huko ni kumwacha mgonjwa njiani. Vumbi la ndani ya nyumba haliepukiki. Na kifua kinachopiga filimbi kisihesabiwe kizima mpaka kipimwe, kwa sababu yawezekana sana kina pumu, ugonjwa wenye kipimo na dawa inayofanya kazi.

Kinachotuchelewesha wengi ni imani kwamba pumu ni ya watoto, na kwamba usipoipata utotoni umeshaponea. Si kweli. Pumu huanza katika umri wowote, na ile inayoanza ukubwani huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mimi nimo katika kundi hilo. Nilikulia kwenye kufagia na kukung'uta mablanketi bila hata kupiga chafya, hadi mwili ukabadilika nikiwa mtu mzima kabisa.

Kwangu kitanda ni kibaya kuliko sakafu. Nikivua shuka na kugeuza godoro, koo huanza kuwasha, kinafuata kikohozi kikavu, halafu kila nikitoa pumzi nasikia mluzi mwembamba kifuani, kama birika linalokaribia kuchemka. Kuvuta hewa ndani naweza. Kuitoa ndiko kunakogoma. Nikiondoka chumbani na kukaa kitako, hupungua. Kisha jioni, na sijagusa tena fagio wala godoro, kifua kinabana upya.

Hicho kibano cha pili ndicho kinachowapoteza watu, maana hakuna anayekihusisha na kazi ya asubuhi. Mzio wa njia za hewa unaweza kuja kwa awamu mbili. Ya kwanza huja dakika chache baada ya kuvuta vumbi: misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza. Ya pili hufuata saa kadhaa baadaye, pale chembe za kinga zinapokusanyika na kuta za mirija kuvimba na kutoa makamasi. Uvimbe huo ndio kiini cha ugonjwa, na vumbi likiisha machoni wenyewe haujaisha.

Anayehusika zaidi ndani ya vumbi ni utitiri, jamaa mdogo wa kupe na buibui, mwenye urefu wa takriban robo ya milimita. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, akina Voorhorst na Spieksma, walionyesha kwamba yeye ndiye chanzo kikuu cha mzio wa vumbi la nyumbani. Haumi mtu. Hula magamba ya ngozi tunayopukutisha sote, hanywi maji bali hunyonya unyevu wa hewani, na kinyesi chake ndicho chenye protini zinazouchokoza mwili. Makao yake ni godoro, mto, blanketi na kochi la kitambaa. Ndiyo maana nyumba inayong'aa sakafu yaweza kuwa imejaa utitiri kitandani, na ndiyo maana nakasirika nikisikia mgonjwa, hasa mama wa nyumba, akiambiwa kwamba kifua chake kinasumbua kwa sababu hasafishi vizuri. Maskini anarudi kufagia kwa nguvu zaidi, na kila akifagia anazidiwa.

Usafi wenyewe una mipaka. Mwaka 2008 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa majaribio 54 ya kupambana na utitiri katika nyumba za wagonjwa wa pumu, kwa vifuniko vya magodoro, dawa za kunyunyizia na mbinu nyingine. Kwa jumla, wagonjwa hawakupata nafuu ya maana. Bado mimi hufua shuka kwa maji ya nyuzi 60, joto linaloua utitiri, hufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na kazi ya kukung'uta namwachia mwenye kifua kizima. Hayo hunipunguzia adha, lakini sithubutu kuyaita tiba.

Tiba ya pumu ni dawa ya kuvuta, na hapa pia kuna tatizo. Wengi huishia kupewa kile kichupa cha bluu chenye salbutamol, nao hukipenda kwa sababu kinafungua kifua papo hapo. Kinalegeza misuli; uvimbe hakiugusi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi GINA, haushauri tena mtu mzima kutibiwa kwa dawa hiyo peke yake. Unataka kila mgonjwa apate dawa ya kuvuta yenye steroidi, hata kama anabanwa mara chache, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe na kupunguza hatari ya kuzidiwa vibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019. Kwa hiyo anayeshindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi asikae kusubiri vumbi litue. Apelekwe hospitali hapo hapo.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kipimo: si kila kifua kinachobana ni pumu. Moyo uliochoka hukatisha pumzi, hasa ukilala chali. Upungufu wa damu nao hukufanya uheme. Anayepata nafuu siku za mapumziko na kubanwa akirudi kazini achunguze vumbi la kazini, liwe la unga au la mbao, kabla ya kulaumu godoro lake. Daktari aambiwe pia dawa unazotumia, kwani propranolol, dawa ya presha na moyo, inaweza kubana mirija ya mwenye pumu, na aspirini huwachokoza baadhi ya wagonjwa.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Unapuliza kwa nguvu kwenye mrija hadi mapafu yahisi kama yamekauka, unavutishwa dawa ya kufungua kifua, unasubiri kidogo, unapuliza tena. Hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa angalau asilimia 12 na mililita 200, ni dalili nzito ya pumu. Ila pumu hupanda na kushuka, hivyo ukipuliza vizuri siku kifua kimetulia, hilo halikuondoi kwenye orodha. Omba urudie siku umebanwa, au upewe kifaa kidogo cha kupuliza nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, uandike namba, kisha uzirudishe kwa daktari.