Babu Aliyevuna Zabibu za Kijiji Kizima

Ilikuwa Agosti, zabibu zinavunwa, na upepo wa Dodoma unakujaza vumbi mpaka kwenye meno. Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika chama kimoja cha wakulima. Dada wa mizani ana kaunta buku lake, mimi nina MySQL, programu ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali. Kila asubuhi nilimtania: "Dada, hilo buku litaliwa na mchwa."

Basi babu mmoja akabadilisha namba ya simu. Nikaanza kwa adabu zote, START TRANSACTION, amri ya kufungua muamala ili mabadiliko yasihifadhiwe moja kwa moja mpaka niseme, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha, na namba mpya ya babu, nikabonyeza. Jibu: safu 318 zimebadilika.

Nilisahau WHERE, neno linaloiambia amri ibadilishe ya nani tu. Wakulima wote 318 sasa wanatumia simu ya babu.

Sikutetemeka. Muamala bado uko wazi, ROLLBACK moja tu na kila kitu kinarudi. Ila nikajiongeza: kabla ya kurudisha, nichukue kwanza nakala ya jedwali, kwa usalama. CREATE TABLE, nikaunda jedwali jipya la nakala. Kisha ROLLBACK. Ikajibu sawa. Nikaenda zangu kula ugali wa uwele na mlenda, roho imetulia.

Kumbe MySQL ina tabia yake: ukiunda jedwali muamala ukiwa wazi, inaufunga kimyakimya na kuhifadhi yote uliyofanya. ROLLBACK yangu ilikuta mlango umeshafungwa. Na ile nakala ya usalama? Namba ya babu, mara 318. Nakala nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ya Februari.

Saa kumi jioni mfumo humtumia kila mkulima ujumbe wa kilo zake. Haikupita robo saa, simu yangu ikaita.

"Mjukuu, mbukwa!"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimi nina ekari moja. Hizi tani zote nimevuna lini?"

Nikakosa la kusema.

"Na simu inasema imejaa, nifute. Nifute za nani?"

Siku mbili nilikaa kwenye kigoda kando ya mizani, dada anasoma namba kutoka kaunta buku, mimi nachapa. Kila akifungua ukurasa mpya ananiuliza, "Mchwa hawajambo?"

Ijumaa babu akapiga tena, sauti ya unyonge.

"Mjukuu, leo umeingia ujumbe mmoja tu. Wenzangu hawajavuna?"