Kadi ninayo, kura sina

Kuna mwandishi ameandika kwamba "wanachama wa CCM humchagua mgombea urais wao." Wanachama gani, ndugu yangu? Mwaka 2015 nilikuwa na kadi, ada nimelipa, na nilimdhamini mmoja wa watia nia walipopita mkoani kwetu kusaka saini. Kazi yangu ikaishia hapo. Walirudisha fomu karibu 40, Kamati Kuu ya chama ikabakiza watano, Halmashauri Kuu, kikao kilicho juu yake, ikawachuja hadi watatu: Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, jina likakatwa mapema, na wajumbe waliomwimbia ukumbini Dodoma kwamba wana imani naye hawakubadilisha kitu. Mkutano Mkuu, yaani wajumbe wa chama kutoka nchi nzima, ukampa Magufuli asilimia 87 ya kura. Sisi matokeo tuliyapata redioni.

Cha ajabu, mwaka huohuo kwenye udiwani na ubunge tulipanga foleni tawini na kupiga kura za maoni kupendekeza wagombea wa chama. Tuna akili ya kumchagua diwani, ya rais hatuna? Msiniambie eti wanachama wote tukipiga kura rushwa itazidi. Kuhonga mwanachama mmoja mmoja nchi nzima na kuhonga wajumbe wachache waliojazana hotelini, kipi rahisi?