Visiwa vya Ugiriki: ulale kimoja au uruke vinne?

Binamu yangu anaenda fungate Ugiriki mwezi wa saba, na wiki iliyopita alinitumia ratiba niipitie. Siku nane za malazi: Athens moja, Mykonos mbili, Paros moja, Naxos moja, Santorini mbili, kisha Athens tena kusubiri ndege. Nikamjibu achague kisiwa kimoja, vikizidi sana viwili. Akaniambia kufunga safari yote ile halafu ukakae sehemu moja ni kama kualikwa pilau ukanywa maji ukaondoka.

Hoja yake si ya kupuuza. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa kila mtu, na wakikunyima hazirudi. Ongeza tiketi za ndege na likizo aliyoiomba mwaka mzima. Mtu aliyejibana hivyo hana hakika kama atarudi tena, kwa hiyo anataka kuvuna vyote kwa mkupuo mmoja. Na ukitazama ramani, visiwa hivi, vya kundi liitwalo Cyclades, vimekaa jirani kabisa. Kuna feri kubwa zinazotoka Piraeus, bandari ya Athens, zikipita Paros, Naxos, hadi Santorini, kama daladala na vituo vyake. Kwa nini usishuke kila kituo?

Kwa sababu ya kinachotokea kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Hoteli nyingi hutaka uache chumba saa tano. Unakokwenda, chumba kitakuwa tayari saa nane au saa tisa. Katikati hapo huna kwako: ni wewe, begi la magurudumu na jua la Julai. Paros hadi Naxos baharini haifiki hata saa moja, lakini hesabu pia kifungua kinywa cha kukimbizana, kufungasha, kuwahi gatini nusu saa kabla, boti kuchelewa, kushuka, kutafuta usafiri, kisha kukaa mapokezi ukiambiwa chumba bado kinasafishwa. Safari ya dakika 45 inakula saa tano za mchana. Binamu ana mihamo mitano. Tano mara tano ni saa 25, na hapo nimempunguzia, maana feri ya kawaida kutoka Piraeus hadi Mykonos yenyewe ni kama saa tano majini, na kutoka Santorini kurudi Piraeus ni kama saa nane. Ana siku nane, na karibu mbili za mwanga ameshazigawa kwa begi.

Ninapozungumzia Paros huwa ananijibu kwamba "atakuwa ameiona." Atafika mchana na kuondoka asubuhi. Ataiona jioni moja.

Mimi nilishawahi kuwa binamu. Nakumbuka tumbo la feri karibu na kushuka: watu mia kadhaa wamesimama kati ya malori yanayonguruma, kila mmoja ameshika mzigo alioutoa kwenye rafu zilizoandikwa majina ya visiwa, harufu ya dizeli, na ule mlango mkubwa wa nyuma unaanza kuteremka meli ikiwa bado inarudi kinyumenyume. Mwanga unaingia kama kisu. Mabaharia wanapiga kelele tushuke haraka, kwa sababu feri haikai gatini muda mrefu. Mara ya kwanza inasisimua. Mara ya nne katika wiki moja, mke wangu alikaa juu ya begi lake palepale gatini, akasema hainuki mpaka aambiwe leo tunalala wapi.

Kuna na upepo. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba upepo ndio unaopanga ratiba. Meltemi ni kaskazi yao, ila huvuma zaidi Julai na Agosti, mbingu ikiwa nyeupe pee bila wingu. Mgeni anatazama juu na kuona siku nzuri, wakati mamlaka ya bandari imeshazuia vyombo kutoka. Boti za kasi ndizo husimama mwanzo. Feri kubwa huvumilia zaidi. Mwenye mihamo mitano ana nafasi tano za kunaswa, na kila hoteli ya mbele kalipia. Hata mwenye kisiwa kimoja asirudi Athens siku ileile ya ndege. Hapo binamu yuko sahihi kabisa.

Upande wa pili unaonekana kama wa wavivu au mabahili: chukua Naxos, kaa. Watu wengi wanaijua kwa jina tu, kama kituo cha kabla ya Santorini. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kilomita za mraba kama 430, na mlima Zas unaopita mita 1,000. Ukubwa huo una maana kwa mgeni. Kuna mashamba, ng'ombe na maji. Viazi vyake vina jina linalolindwa kisheria Ulaya nzima, na jibini yake ya graviera vilevile. Kile kiazi cha kukaanga kinachokuja kando ya samaki kimetoka nyuma ya kilima. Kisiwa chenye kazi nyingine hakimtazami mgeni kama pochi inayotembea. Mzee mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa akituachia nyanya mlangoni, na siku ya kwanza tulidhani ni za jirani.

Ufukwe hauna tabu: Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka zimefuatana, mchanga mtupu, na basi linakutoa mjini. Asubuhi nyingine panda basi la milimani hadi Apeiranthos, kijiji chenye vichochoro vilivyosakafiwa marumaru, au shuka Halki. Lakini kama ni kuchagua kitu kimoja, nenda Apollonas, kaskazini. Kwenye machimbo ya kale juu ya kijiji kumelala mtu wa jiwe, urefu wake zaidi ya mita 10, ana ndevu, hajakamilika. Walianza kumchonga zaidi ya miaka 2,500 iliyopita wakamwacha palepale mwambani. Miguu inaonekana, uso unakisiwa tu. Hakuna geti wala tiketi. Unapanda vijiwe viwili vitatu na uko kando ya bega lake. Kwenye bandari ya mji wa Naxos nako kuna Portara, mlango wa marumaru wa hekalu lililoanzwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo na halikumalizika. Jioni watu wa mji hutembea hadi pale na watoto wao, wanakaa mawe yakiwa bado na joto, jua linazama katikati ya mlango. Mambo haya hayaingii kwenye ratiba ya kulala mara moja, kwa sababu basi la Apollonas peke yake ni safari ya siku.

Nikija kwa Santorini, lazima nikiri kwamba hoja yangu ina tundu. Naxos haina kitu kinachofanana nayo. Mlima wa volkano ulilipuka yapata miaka 3,600 iliyopita, katikati ikadidimia baharini, na leo unasimama ukingoni mwa kreta iliyojaa maji ukitazama jabali jekundu na jeusi likishuka mamia ya mita. Picha hazidanganyi. Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu yale, una nyumba za ghorofa na mitaro ya maji machafu, na hazikupatikana maiti ndani: inaonekana wenyeji walihisi mitetemeko wakaondoka mapema. Mwanzoni mwa 2025 ardhi ilipotetemeka mfululizo kwa wiki kadhaa, zaidi ya watu 11,000 walifanya vilevile, wengi kwa feri.

Shida ni hesabu. Mwaka 2023 kisiwa hicho kilipokea wageni takriban milioni 3.4, na wakazi ni kama 15,000. Kila mwenyeji, akiwemo mtoto mchanga, ana wageni zaidi ya 200 kwa mwaka, kwenye kilomita za mraba 76. Sasa wameweka ukomo wa abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, na tozo ya yuro 20 kwa kila abiria wa meli hizo msimu wa juu. Tafakari huo ukomo: nafuu yenyewe ni zaidi ya nusu ya watu wote wa kisiwa, wanapanda mchana mmoja, wengi kuelekea barabara zilezile mbili za miji ya ukingoni, Fira na Oia.

Hapo ndipo tundu lilipo. Watu wa meli hupanda asubuhi na kuteremka jioni. Nikimwambia binamu alale Naxos na kwenda Santorini kwa siku moja, namtuma akutane nao uso kwa uso, kisha namwondoa kabla hawajaondoka. Uzuri wa Santorini uko alfajiri na usiku, na wanaoupata ni waliolala. Kwa hiyo anayeitaka kweli alale, siku mbili, lakini si lazima ukingoni. Vyumba vile vilivyochimbwa jabalini bei yake inatisha, na ngazi zake hazina huruma kwa mwenye begi au mwenye mama mzee. Mabasi yote yanakutana Fira. Pyrgos ni kijiji cha ndani, kimetulia. Mandhari wanayouziwa wa Oia kwa bei ya usiku mmoja inapatikana bure kwenye njia ya miguu ya Fira hadi Oia, kilomita kama 10, ukianza kabla ya jua kuchachamaa.

Ratiba mpya ilikuja juzi: Naxos nne, Santorini mbili, Athens mbili. Binamu hajasema nimeshinda. Mkewe ndiye aliyeuliza nani atabeba mabegi kwenye zile ngazi. Mykonos bado inamwuma. Nimemwonyesha boti za matembezi zinazotoka Naxos asubuhi kwenda Mykonos, zikisimama kwanza Delos kati ya magofu na simba wa marumaru, kisiwa ambacho hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala hata akiwa na hela.