Ndege za kaboni: ahadi ya kuzirekebisha ina uzito kuliko ya kuzirejeleza

Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliwaka moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila abiria. Chanzo kilikuwa betri ya litiamu ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura, na moto ukala paa karibu na mkia. Ndege ilikarabatiwa ikarudi angani mwishoni mwa 2014.

Aina hiyo ndiyo wanayorusha pia Kenya Airways na Air Tanzania. Karibu nusu ya uzito wake ni kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa epoksi, plastiki inayogandishwa kwa joto. Epoksi ikishaokwa haiyeyuki tena. Ukizidisha moto inaungua. Kwa hiyo fundi husaga sehemu iliyoharibika kwa msasa, tabaka kwa tabaka, hadi ipate mteremko mwembamba. Hubandika matabaka mapya, huyafunika kwa plastiki, hunyonya hewa yote, kisha huyapasha kwa blanketi la umeme. Kinachomsumbua ni gundi: mawimbi ya sauti huonyesha penye uwazi, lakini hayasemi imeshika kwa nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo thamoplastiki, plastiki kama PEEK zinazoyeyuka kila zikipashwa, zinapovutia. Kwa kuwa zinayeyuka, vipande huungwa kwa joto badala ya gundi na ribiti. Halafu kuna vitrima, aina nyingine ya plastiki, zilizotangazwa Ufaransa mwaka 2011 na Ludwik Leibler na wenzake: zikipashwa, viungo vyake vya kikemia hubadilishana nafasi bila mtandao wake kukatika.

Tatizo ni kwamba PEEK ni ghali na huyeyuka kwenye nyuzijoto 343. Jaribu kupasha bawa kiasi hicho huku ndani mna nyaya na tangi la mafuta! Vitrima nazo zina swali lake: kinachobadilika kwa joto kinaweza pia kurefuka polepole kikibeba mzigo miaka mingi, na wadhibiti wa usalama watataka ushahidi.

Kuhusu urejelezaji, nina shaka zaidi. Epoksi ikipashwa joto kali bila hewa nyuzi hupatikana, ila kwa kawaida zikiwa fupi. Thamoplastiki ikisagwa, nyuzi hukatika vilevile. Zinafaa kwa mabano na vifuniko, si kwa bawa jipya. Nadhani viwanda vitahamia thamoplastiki kwanza kwa sababu kuunga kwa joto kunapunguza kutoboa matundu na kupiga ribiti. Jalala halitakuwa sababu kubwa.