Dereva wa Wapi?

Naona shemeji ameshamaliza kazi yake: ile video ya gari yangu ikigoma kupanda kutoka kwenye pantoni imeshafika kwa kila mtu. Tangu jana jioni simu yangu haijapoa, na leo asubuhi hata mama wa genge, ambaye mazungumzo yetu miaka yote ni nyanya na vitunguu, kanipa chenji yangu huku akiuliza, "Ile gari ilipanda lakini?" Basi ngoja niseme mwenyewe, maana toleo la shemeji lina chumvi nyingi. Giaboksi haikudondoka baharini. Sikulia. Na waliosukuma hawakuwa watu thelathini. Walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa ameegemea tu.

Gari mnaijua, nimewachosha nayo vya kutosha. Subaru Forester ya 2004, turbo, otomatiki ya gia nne. Ndiyo inayonipeleka kazini kila siku, Kigamboni hadi Posta hapa Dar, tunavuka na pantoni, na ndiyo ninayotambia. Injini haina neno. Ugonjwa ulikuwa giaboksi. Ukikanyaga mafuta inatafakari kwanza, inaitisha kikao cha ukoo, halafu ndiyo inashuka gia, na wewe uliyetaka kumpita mtu umeshaghairi. Na ile foleni ya pantoni, unasogea hatua mbili unasimama nusu saa, oili ya ndani inachemka tu. Ikichemka sana inaungua, inaanza kunuka kama mkate uliosahaulika jikoni, na klachi za ndani nazo zinafuata njia hiyohiyo.

Nikadunduliza miezi minane. Nikaagiza Marekani valvu bodi iliyoboreshwa, kile kipande cha chuma chenye njia nyinginyingi kama kichuguu, kinachogawa presha ya oili kwenye klachi. Ikiongezwa presha, gia zinaingia kwa kishindo, haziteleziteleza. Nikaongeza na karejeta kadogo ka kupozea oili, kanakaa mbele nyuma ya bampa. Nyumbani nilisema napeleka gari sevisi. (Shemeji, najua unasoma. Dada yako bei haijui. Tuishi hivyohivyo.)

Fundi kaifunga Jumamosi, kamaliza magharibi. Kazi safi, sina lawama naye, na naomba msimtafute. Akaniambia, "Oili ya sampu nimemwaga yote, na hii rejeta yako nayo inakunywa. Nimerudisha lita nne. Subiri ipate moto nipime, niongezee."

Mimi hapo nina haraka ya kwenda kuionja barabarani. Nikamwambia, "Fundi, usijali. Nitapima mwenyewe. Nimeangalia video."

Akaniangalia. Akanipa galoni mbili za lita mojamoja za hidroliki, ndiyo oili ya giaboksi, akasema, "Injini inaunguruma, gari ya moto, pitisha gia zote, rudisha P, halafu pima kijiti cha kushoto." Mimi nilikuwa nimeshafunga mlango.

Nimefika nyumbani, nimefungua boneti, nimewasha tochi ya simu, nimefungua na video. Mzungu wa Marekani, mpole, mikono misafi, anaeleza vizuri kabisa: kijiti cha giaboksi kiko upande wa dereva.

Upande wa dereva. Nikaenda kulia, upande wa usukani wangu, nikachungulia chini kabisa, nikakiona kijiti. Nikakichomoa kwa madaha.

Wenye Subaru nawasikia mnavyoguna. Subirini, aibu yenyewe bado.

Kwa ambao hamna Subaru: hii gari ina vijiti viwili huko chini. Kimoja ni cha giaboksi. Kingine ni cha difu ya mbele, zile gia zinazopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, ambayo imekaa ndani ya bodi hilohilo la giaboksi lakini inakunywa oili yake nyingine kabisa, nzito, lita moja na kidogo tu. Na huyo Mmarekani, usukani wake uko kushoto.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Hidroliki mpya ni nyekundu kama juisi ya rozela. Mimi kwenye kijiti naona kitu cha rangi ya asali, kinavutika, kinanuka yai viza. Nikajiambia tochi ya simu inadanganya rangi. Pua je? Pua nayo nikaiambia ina mafua. Nikafuta kijiti, nikachovya tena, nikaona imepungua kidogo, nikaweka faneli na kimpira, nikamiminia nusu lita taratibu huku napiga mluzi. Lita moja na nusu iliyobaki nikaifunga vizuri kwenye mfuko, nikaiweka kwenye buti. Ya akiba.

Jumapili gari ikalala. Jana Jumatatu asubuhi nikaweka D, ikakaa kimya sekunde mbili ndiyo ikaondoka. Nikasema valvu bodi mpya inajizoeza. Barabara ya tambarare hadi kivukoni haikunisumbua, gia mbili iliingia kwa kishindo mpaka nikatabasamu peke yangu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kushuka kuingia kwenye pantoni ni mteremko, na mteremko gari yoyote inajua, hata kabati. Humo ndani nikamkuta shemeji, yeye anavuka kwa miguu. Akaja akaegemea dirisha langu, akauliza habari za giaboksi. Na hapa, jamani, ndipo ninapotamani ningekuwa bubu. Nilimwambia, "Tukifika Magogoni tangulia juu, washa kamera kabisa. Utaona mnyama anavyotoka."

Video hiyo niliiomba mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu.

Pantoni ikagusa ng'ambo. Ule mlango wa chuma ukashuka, na kwa sababu ya kupwa, ukitazama mbele unaona ukuta na mbingu. Watu wakaanza kumiminika. Bodaboda zikatoka. Noah ikatoka. Kirikuu cha mkaa, kinakohoa, kinatoa moshi, tairi moja iko nusu, kikatoka. Nikapungiwa mkono na jamaa wa pantoni. Shemeji nampata kule juu, simu kaishika mlalo kama mpigapicha wa harusi.

Nikaweka D. Ikajivuta. Tairi za mbele zikapanda chuma, gwang'. Za nyuma zikapanda, gwang'. Pua ya gari ikatazama mawinguni, na oili kidogo iliyokuwemo, kumbe ndiyo inahamia yote upande mmoja, pampu inabaki inavuta hewa. Hilo nimelijua jioni. Pale nilichojua ni kwamba gari ilikuwa inakwenda, na sasa haiendi.

Nikaongeza mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda elfu tatu. Gari kimya. Namaanisha imesimama, maana kelele ndiyo kwanza zinaanza. Mnakumbuka ekzosi niliyoweka mwaka jana? Ile niliyosema inaita kwa heshima? Elfu nne. Elfu nne na mia tano. Kule chini ya paa la kivuko sauti inagonga bati inarudi, wenye mizigo wanaruka pembeni wakidhani kuna kitu kinakuja kwa kasi. Hakuna kilichokuwa kinakuja. Wote walitulia, wakageuka, wakaitazama gari inayounguruma kama ndege huku tairi zake zimelala usingizi.

Halafu ikaanza kurudi. Taratibu, inchi kwa inchi, kama mtu anayetoka ukweni kinyumenyume. Kwenye kioo naona bajaji, na ndani ya bajaji mama mmoja na ndoo zake tupu za kwenda kununulia samaki Feri, kanikodolea macho, midomo inasoma kitu, nadhani ni dua. Nikavuta handbreki, nikakanyaga breki, nikabaki nimening'inia.

"Weee Subaru! Toa gari!"

"Tia moja!"

"Ni otomatiki!" Huyo ni mimi, nikimjibu, kana kwamba hiyo ni hoja.

"Basi tia moja ya otomatiki!"

Nikatia. Kelele zikaongezeka, mwendo ukabaki palepale sifuri. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasimama dirishani kwangu, hana haraka kabisa, akainama akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona sauti imeshafika Posta na gari limebaki?"

Nilishusha kioo ili nimjibu. Sikuwa na jibu. Nikakipandisha.

Wakaja kumi na mmoja. Nikaweka N, nimeshika usukani kwa mikono miwili, sijui niangalie wapi. Moja, mbili, sukuma! Gari ikapanda kidogo ikagoma, ikapanda tena. Nyuma nasikia wanauliza nini kinachofanya gari kubwa namna hii iwe nzito na bure. Yule mama alishuka kwenye bajaji akasukuma kwa mkono mmoja, ndoo ziko mkono wa pili, ananipa na ushauri: "Uza, baba. Nunua kirikuu." Na kule juu shemeji hakuja kusukuma. Alisema asingeweza kuacha, angeharibu video.

Tukafika juu, wakaniegesha pembeni karibu na wauza samaki. Nikampigia fundi, na kwa kuwa mikono ilikuwa inatetemeka nikaweka sauti ya nje. Kosa lingine. Watu walikuwa hawajaondoka.

"Ulipima?" fundi akauliza.

"Nilipima. Ilikuwa imepungua kidogo, nikaongeza."

"Kijiti kipi?"

"Cha upande wa dereva."

Kimya. Nasikia spana inawekwa chini.

"Dereva wa wapi?"

Kicheko kilichotoka hapo, nadhani na waliokuwa kwenye pantoni inayorudi walikisikia. Mpara samaki mmoja aliacha kisu.

Yaliyobaki ni mafupi. Akauliza kama nina hidroliki, nikasema ipo, iko kwenye buti, tumevuka nayo. Nikaimimina yote kwenye kijiti cha kushoto, nikapitisha gia, ikashika, nikawapa vijana wa kusukuma hela ya chai, nikaondoka bila kuaga mtu. Kazini nikachelewa dakika arobaini. Jioni fundi akanikagulia kiwango, kisha akamwaga difu ya mbele, ikatoka rangi ya ukwaju, akaweka oili yake inayostahili, akapaka kifuniko cha kushoto rangi nyekundu na cha kulia akaandika kwa kalamu nyeupe HAPANA. Klachi anasema zimepona. Mimi kwenye simu ya shemeji sasa hivi nimeandikwa "Elfu Nne na Mia Tano".

Na katika wote mliopiga, mlioandika, mlionitumia ile video kana kwamba sikuwepo, hakuna hata mmoja aliyeuliza giaboksi yenyewe inabadilisha vipi. Mbili kwenda tatu, jamani. Mbili kwenda tatu!